AJALI YA TREKTA INA KINGA YAKE

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma, Mbezi Beach, Dar es Salaam)



Katika lugha yetu yapo maneno machache yanayotamkwa upesi msibani kuliko haya: "Ajali haina kinga." Huyasema mwenye mali akimpa pole mjane. Huyasema dereva aliyekuwa usukani. Huyasema jirani aliyetafuta neno la faraja asipate jingine. Yakishatamkwa, mjadala umefungwa. Hapana wa kuuliza swali tena, kwa kuwa mwenye kuuliza ataonekana hana adabu mbele ya wafiwa.

Leo naomba ruhusa yenu tuufungue mjadala huo. Ipo ajali moja ambayo kinga yake inajulikana, ina umbo, ina bolti zake, na mara nyingi imelala kwenye kona ya stoo huku mashine iliyotengenezewa ikifanya kazi wazi. Nazungumzia kinga za matrekta ya zamani.

Walimu wa Kiswahili waliomo humu wanafahamu kwamba neno "ajali" tumelipata kutoka Kiarabu, na kwamba asili yake ni muda aliokadiriwa mtu kuishi. Kwa maana hiyo methali ni ya kweli kabisa: siku ya mtu ikifika, hakuna ngao ya kuizuia. Lakini neno limehama. Leo tukisema ajali tunakusudia gari lililopinduka, moto uliozuka, mkono uliokatwa na mashine. Neno limehama, methali ikabaki ilipokuwa. Tumeichukua hekima iliyosemwa juu ya mauti tukaitumia kuitetea bolti iliyolegea. Hapo ndipo lilipo kosa, na kosa hilo lina gharama yake kwa watu wenye miili.

Ndugu zangu, mtu anaweza kuuliza: trekta na Mbezi Beach, wapi na wapi? Hapa ni mahali pa nyumba na mageti, si mahali pa matuta. Jibu ni kwamba mashamba ya wakazi wengi wa hapa yako Bagamoyo, Kisarawe, Mkuranga, Handeni, Mvomero na Kilosa. Mtumishi amejiwekea akiba, amekopa, anakaribia kustaafu, naye ananunua trekta kuukuu ili alime ekari zake na kuwalimia majirani kwa malipo. Trekta linalala shambani, mwenyewe analala Mbezi Beach. Maagizo huenda kwa simu, na taarifa hurudi kwa simu: ekari ngapi zimelimwa, dizeli kiasi gani imetumika, fedha kiasi gani zimepatikana. Swali moja haliulizwi: kinga ipo?

Ndiyo sababu nimeona mahali pa kulizungumza jambo hili ni hapa wanapoishi wenye matrekta, wala si kule kijijini peke yake. Anayekaa karibu na shafti inayozunguka hana fedha ya kununua kinga. Mwenye fedha yuko mbali na shafti.

Tuanze na historia, maana matrekta haya hayakuanguka kutoka mbinguni. Nchi yetu ilipata fundisho kubwa la kwanza la kilimo cha mashine katika mpango wa karanga wa serikali ya kikoloni ya Uingereza, ulioanza Kongwa mwaka 1947, ukaenea Urambo na Nachingwea, na kuachwa mwaka 1951. Waingereza walileta matrekta yaliyotumika vitani, mengine yakinunuliwa kutoka maghala ya jeshi la Marekani huko Ufilipino. Hata vifaru vilivuliwa mizinga vikageuzwa kuwa matrekta. Ndani ya mwaka wa kwanza sehemu kubwa ya mitambo hiyo ilikuwa imesimama kwa kukosa vipuri, mafundi na uangalizi. Watu wengi hukumbuka kwamba karanga hazikuota. Fundisho la pili, ambalo halitajwi sana, ni kwamba mashine iliyokwishatumika ikiletwa bila mfumo wa kuitunza huwa mzigo kwa yule anayeishika.

Baada ya hapo yalikuja matrekta madogo yaliyotufaa zaidi. Ferguson ya aina ya TE20, iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya mwaka 1946 na 1956, ilienea duniani kwa zaidi ya nusu milioni. Ikafuatiwa na Massey Ferguson 35, kisha Massey Ferguson 135 iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1964, trekta la nguvu ya farasi zaidi ya 40 ambalo mafundi wetu wanalijua kama wanavyozijua baiskeli zao. Huko Uingereza mzee aliyestaafu huzipaka rangi mashine hizo na kuzipeleka kwenye maonyesho siku ya mapumziko. Hapa kwetu bado zinalima, zinavuta tela, zinapukuchua mahindi na kulisha familia. Si aibu. Mashine iliyotengenezwa vizuri na kutunzwa vizuri haina sababu ya kutupwa. Lakini umri wa trekta una maana moja ya hakika: limepita katika mikono mingi, na kila mkono ulipata nafasi ya kuondoa kitu.

Sasa tuitazame sehemu yenyewe ya hatari. Nyuma ya trekta kuna kipande kifupi cha chuma chenye meno, ambacho madereva wetu hukiita pitio. Hapo hufungwa shafti yenye krosi, nayo hupeleka nguvu ya injini kwenye mashine nyingine: mashine ya kupukuchulia mahindi, pampu ya maji, mashine ya kufyekea nyasi. Kipimo kilichoenea duniani ni mizunguko 540 kwa dakika. Naomba walimu wa hesabu wanisaidie. Mizunguko 540 ukigawanya kwa sekunde 60 unapata mizunguko 9 kwa kila sekunde. Tuseme shafti pamoja na krosi yake ina unene wa sentimita 8. Mzingo wake ni kama sentimita 25. Kwa mizunguko 9, shafti hiyo inavuta zaidi ya mita mbili za kitambaa kwa sekunde moja.

Kanga ina urefu wa mita moja na nusu hivi. Yaani kanga nzima, kutoka pindo hadi pindo, inamezwa kabla sekunde moja haijatimia. Mwenye kanga hapati muda wa kuifungua. Dereva hapati muda wa kushuka. Mtu aliye kando hapati hata muda wa kutamka neno "Zima!" Na trekta halihisi lolote, kwa sababu nguvu inayopasua udongo mkavu haiwezi kusimamishwa na mkono wa binadamu.

Fikirini, ndugu zangu, ni nani wanaosimama karibu na shafti hiyo wakati wa mavuno. Ni akina mama waliofunga kanga kiunoni, wakimwaga mahindi na kuzoa magunzi. Ni kijana utingo aliyevaa shati la kurithi linalompwaya. Ni mtoto aliyetumwa kupeleka gunia. Mashine imewekwa katikati ya kiwanja, na njia fupi ya kutoka upande huu kwenda upande ule ni kuiruka shafti. Watu huiruka.

Kinga ya sehemu hii ni tatu, na zote ni rahisi kuzieleza. Ya kwanza ni kofia ya chuma inayofungwa kwenye trekta juu ya pitio, ambayo huizuia nguo na mguu. Ya pili ni bomba, siku hizi la plastiki, linaloifunika shafti yenyewe. Bomba hilo hukaa juu ya beringi na kuzuiwa kwa mnyororo mwembamba, hata shafti ikizunguka ndani, bomba limetulia nje. Ya tatu ni kifuniko cha upande wa mashine inayoendeshwa, pale shafti inapoingia. Zikiwapo zote tatu, mahali hapo hapana chuma kinachozunguka kinachoweza kuguswa. Ikikosekana moja, nguo itaingia pale pale palipoachwa wazi.

Msije mkadhani kinga hizi ni uvumbuzi wa jana, au kwamba trekta la zamani lilizaliwa bila hizo. Uingereza ilitoa kanuni za kufunika shafti ya pitio mashambani mwaka 1957. Massey Ferguson 135, iliyoanza kutengenezwa miaka saba baadaye, iliuzwa katika nchi ambayo sheria yake ilikwisha kusema. Kwa hiyo ukiona trekta la namna hiyo pitio iko wazi, usiseme halikuja nayo. Uliza ilitolewa wapi, na nani, na kwa nini.

Swali la "kwa nini" lina majibu ya kweli, na tusiwatukane mafundi na madereva kabla ya kuyasikia. Jibu la kwanza ni grisi. Krosi za shafti hutaka grisi mara kwa mara, na chuchu ya grisi iko chini ya kinga. Fundi huifungua, hugrisi, kazi inamsubiri, na kinga inabaki chini. Jibu la pili ni jua. Plastiki ikikaa juani misimu kadhaa hukauka na kupasuka. Mnyororo ukikatika, bomba huanza kuzunguka pamoja na shafti, na dereva huona ni afadhali alitoe kuliko kusikia kelele zake. Jibu la tatu ni malipo. Dereva analipwa kwa ekari au kwa gunia, na kila dakika ya kuzima injini anaihesabu kama hasara. Jibu la nne ni ukimya wa mwenye trekta. Akiambiwa kwamba tairi limekwisha atatuma fedha siku hiyo hiyo, kwa sababu bila tairi trekta halifanyi kazi. Bila kinga linafanya kazi.

Hapo, ndugu Mwenyekiti, ndipo ulipo mzizi wa jambo zima. Kinga ni kipuri pekee ambacho kikikosekana mwenye trekta hapati hasara yoyote. Hasara yote inahamia kwa mtu mwingine.

Yapo mengine yanayofanana na hili. Katika Ferguson ya zamani, mkono wa gia wenyewe ndio uliowasha injini. Ilibidi uupeleke kwenye alama ya S, na kwa kufanya hivyo trekta lilikuwa haliwezi kuwaka likiwa ndani ya gia. Ilikuwa ni kinga iliyofichwa ndani ya mpango wa mashine. Matrekta mengi yaliyofuata yaliiendeleza fikra hiyo kwa swichi. Lakini swichi ikifa, fundi husimama chini, mbele ya gurudumu kubwa la nyuma, akapiga shoti stata kwa bisibisi. Injini inawaka. Na kama trekta lilikuwa ndani ya gia, linaondoka hapo hapo, na wa kwanza kwenye njia yake ni huyo aliyeliwasha. Hata huyo tutamwambia mjane wake kwamba ajali haina kinga, ilhali kinga ilikuwa swichi moja.

Sasa nije kwenye wajibu. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950 iliyotungwa zama za ukoloni iliangalia viwanda. Mwaka 2003 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5, iliyoifuta ile ya zamani na kutoka nje ya kuta za kiwanda hadi mahali pengine pa kazi. Mwaka 2008 ikatungwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, iliyoanzisha mfuko ambao mwajiri huuchangia ili mfanyakazi aumiapo kazini asibaki kuombaomba. Nje ya mipaka yetu, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1963 mkataba juu ya kinga za mashine, ambao kati ya mambo yake unakataza kuuza au kukodisha mashine yenye sehemu za hatari zilizo wazi. Mwaka 2001 likapitisha mkataba mwingine juu ya usalama na afya katika kilimo.

Lakini utingo wa trekta letu yuko wapi katika sheria hizo? Hana barua ya ajira. Analipwa jioni kwa mkono. Akiumia, mwenye trekta husema, "Huyo si mfanyakazi wangu, ni kijana wa dereva." Dereva husema, "Mimi mwenyewe ni kibarua." Kijana huyo amefanya kazi ya watu wawili, na siku ya kuumia hana hata mmoja. Tuliofundishwa kwamba binadamu wote ni sawa na kwamba kila mtu anastahili heshima hatuwezi kukaa kimya mbele ya hesabu ya namna hii. Mtu anayevuna faida ya mashine ndiye mwenye wajibu wa kwanza juu ya hatari yake. Kama hilo si haki, basi neno haki halina maana.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wa kwanza atasema kinga ni ghali. Namwomba ailinganishe bei ya kinga ya shafti na bei ya tairi moja la nyuma. Hazikaribiani. Tena ile kofia ya chuma juu ya pitio hata haihitaji kuagizwa ng'ambo. Ukitoka hapa kufuata barabara ya Bagamoyo kuelekea Tegeta, utawaona mafundi wa kuchomelea wakitengeneza mageti na nondo za madirisha yetu. Fundi anayeweza kutengeneza geti la maua na mishale anaweza kukunja bati nene la chuma na kulitoboa matundu ya bolti. Ahakikishe tu kwamba ni imara kiasi cha kubeba uzito wa mtu atakayeikanyaga. Bomba la shafti, kwa kuwa lina beringi zake, linunuliwe likiwa kamili, wala lisibuniwe kwa bomba la maji.

Ndugu zangu, tutazame nyumba zetu. Tumezungusha ukuta kuikinga televisheni. Tumeweka nondo kulikinga sofa. Haiwezekani tuseme kwamba chuma kimekosekana pale penye mkono wa mtoto wa mwenzetu.

Wa pili atasema dereva wake ni mzoefu, ameendesha miaka 20 bila kuumia. Uzoefu ni mali kubwa, lakini shafti haiulizi vyeti. Mzoefu ndiye anayeiruka shafti bila kuitazama, kwa sababu ameiruka mara elfu. Isitoshe, mzoefu ni dereva. Mama mwenye kanga hana miaka 20 ya kupukuchua kwa trekta, ana siku moja kila msimu.

Wa tatu atasema tusubiri matrekta mapya. Matrekta mapya yamekuja na yataendelea kuja. Tangu kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ilipotangazwa mwaka 2009 yameletwa mengi, na jipya la leo ni la mitumba ya kesho kutwa. Tusipojenga desturi ya kurudisha kinga mahali pake, tutakuwa tunanunua kinga mpya kila mara na kuzitupa kila mara.

Basi tufanye nini? Mwenye trekta, safari hii ukipiga simu, uliza swali lile ambalo halijaulizwa. Dereva akujibu kwa picha: pitio, shafti, na upande wa mashine. Ukienda mwenyewe, zima injini, chomoa ufunguo, uutie mfukoni, kisha lizungushe bomba la shafti kwa mkono. Likizunguka peke yake bila shafti, ni zima. Likikataa, limeshikana na shafti, na siku ya kazi litavuta nguo sawasawa na chuma. Uweke pia kanuni moja isiyo na mjadala: hakuna kugrisi, kuzibua wala kurekebisha chochote injini ikiwa inaunguruma. Na kwa kuwa kanuni hiyo inamgharimu dereva muda, umlipe muda huo. Kanuni inayomnyima mtu mkate wake haitafuatwa.

Walimu, mnayo silaha ambayo wengine hatuna. Hesabu ile ya 540 kugawanya kwa 60 inafaa darasani kuliko hesabu nyingi za vitabuni. Mtoto akiifanya mwenyewe, na akapima kanga ya mama yake kwa rula, atakwenda nyumbani kusema. Aambiwe pia kwamba madigadi ya trekta si kiti, na kwamba chuma kati ya trekta na tela si mahali pa kudandia.

Watumishi wa umma, baadhi yenu mnasimamia minada ya mali chakavu, wengine mnaandika mikataba ya kukodi mashine, wengine mnazishauri halmashauri. Trekta la umma lisitoke mnadani kwenda shambani pitio ikiwa wazi. Mkataba wa kukodi useme wazi nani anahusika na kinga. Halmashauri za vijiji zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Sheria ndogo ya mistari miwili, kwamba mashine ya kupukuchulia isiyo na kinga haitawashwa kijijini, itakuwa na nguvu kuliko mabango mengi. Na tunavyo vyombo vya kutusaidia: kituo cha CAMARTEC kule Arusha, kilichoundwa mwaka 1981 kwa ajili ya zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, vyuo vya ufundi vya VETA, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Viulizwe michoro, vipimo na mafunzo kwa mafundi wa vijijini. Chombo cha umma hufanya kazi vizuri zaidi kinapoulizwa.

Ndugu Mwenyekiti, sikuja kuwakataza watu kumpa pole mfiwa, wala kuwafundisha watu wazima namna ya kuwa na subira. Siku ya mtu ni siku yake. Lakini tuitenge siku hiyo na uzembe wetu. Mauti hayana kinga. Shafti ya trekta inayo, ni bati, bomba na mnyororo, na mahali pake panajulikana. Kabla msimu wa mavuno haujaanza, irudishwe mahali hapo.